Fundi Friji Aliyefuga Papa Chaani

Swali lake la kwanza halikuhusu samaki hata kidogo. Ukimwendea Fundi na kumwambia unataka kufuga papa nyumbani, alikutazama kuanzia viatu mpaka nywele, akapangusa mikono kwenye kitambaa chenye grisi, akauliza: "Nyumba yako, au wapanga?" Ukisema unapanga, mazungumzo yalikwisha. Alirudi kwenye friji yake kama vile hukuwahi kusimama pale. Wengi waliondoka wamenuna, wakidhani wamedharauliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafuata nje na kuwaeleza, maana duka langu la fotokopi lilikuwa mlango wa pili na somo lile nilikuwa nimelisikia mpaka nimelichoka: tangi la papa likijaa maji lina uzito wa gari, huliinui mwenye nyumba akikupa notisi, na papa huwezi kumwomba akasubiri kwa jirani mpaka upate chumba kingine.

Hapo ni Magongo, upande wa Changamwe, ukingoni mwa barabara ya malori, ambako vumbi huingia hata kwenye wino wa mashine. Fundi alitengeneza friji, na mimi nilitoa fotokopi na kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Tulikaa majirani wa kazi miaka kumi na mmoja. Kwake hasa palikuwa Chaani, na huko ndiko walikokaa papa wake. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Wenyewe wanajua, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimjua kwa kazi yake na kwa ukali wake, na hivyo viwili vilinitosha.

Papa aliwapata kazini. Zamani alikuwa akienda Kisauni kutengeneza mitambo ya kupooza maji kwa bwana mmoja aliyesafirisha samaki wa mapambo ng'ambo. Biashara ile ilipofungwa, wakabaki papa wawili, ndivyo nilivyoambiwa, dume na jike, ambao hakuna aliyewataka. Yule bwana alitaka kuwaua. Fundi akawatia kwenye mapipa mawili ya plastiki, akakodi tuktuk, akawaleta kwake Chaani. Mkewe alikuwa amepewa ahadi ya seti mpya ya makochi mwezi ule. Badala yake sebuleni likajengwa tangi la mbao nene, limepakwa rangi ya boti ndani, na kioo upande mmoja, refu kuliko kitanda.

"Wenzangu huletewa mke mwenza mmoja," mkewe aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kuwaona. "Mimi nimeletewa wawili, na mmoja wao ni dume."

Hawakuwa papa wa kutisha. Walikuwa wembamba, wenye milia iliyofifia, urefu wa mkono wa mtu mzima, na mchana kutwa walilala juu ya mchanga kama walinzi wa zamu ya usiku. Mgeni aliyekuja kutazama meno aliondoka amekasirika. Lakini Fundi akichukua koleo refu la mbao, akabana kipande cha ngisi na kukishusha taratibu, jike aliinuka, akatembea kwa mapezi yake chini ya maji, akasimama mbele ya koleo na kungoja. Hakurukia. Alingoja mpaka apewe. Nilipoona vile kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka arobaini na moja, watoto wangu wote wawili wako Nairobi, na nyumba yangu ilikuwa kimya mpaka nilikuwa nikiwasha redio nipate kelele ya kupikia. Nikasema moyoni, na mimi nataka. Nilikitaka kitu kile kuliko nilivyokuwa nimetaka kitu chochote kwa muda mrefu.

Kumbe kutaka kwenyewe ndiko Fundi alikokuwa akikupiga vita. Alikuja bwana mmoja wa malori, mwenye saa kubwa, na ndani ya karai alikuwa na papa mchanga aliyemnunua kwa wavuvi wa Likoni, aina ile yenye ndevu mbili mdomoni. Mzuri kweli. Bwana akataka kuambiwa anunue tangi la ukubwa gani.

"Lala chini," Fundi akamwambia.

"Unasema?"

"Hapo kwenye boksi. Lala, nyoosha miguu."

Akalala, na saa yake. Sisi majirani tukatoka milangoni. Fundi akachukua chaki, akaweka alama kwenye visigino vya yule bwana, akaweka nyingine utosini, kisha akaendelea kutembea mpaka mlangoni kwangu ndipo akachora ya tatu. "Huyu akikua, mkia wake uko pale ulipo wewe na pua yake iko huku. Haya, n'ambie sebule yako ina vipimo gani."

Bwana akajipangusa vumbi, akasema akikua atamrudisha baharini.

"Mtoto wako naye akibaleghe wamtupa msituni?"

Siku ile Fundi alifunga karakana saa nne asubuhi, akapanda gari na yule bwana mpaka Likoni, papa akaachiliwa pale pale alipotolewa, kabla hajazoea kulishwa. Na karakana ilikuwa na friji ya mama mmoja muuza juisi aliyekuwa ameahidiwa kazi yake siku hiyo hiyo.

Hilo lazima niliseme, kwa maana watu wakifa au wakizeeka tunawapaka asali. Kwenye friji za watu, Fundi alikuwa mtu wa kesho. Friji ilikaa kwake mpaka mwenyewe akasahau rangi yake. Alikuwa na maneno makali kwa wateja, na nilisikia akina mama wakimwapiza mchana mweupe. Lakini kwenye lile tangi sikumbuki akichelewa hata siku moja. Saa moja asubuhi alipima chumvi, saa kumi na moja jioni alipima joto, Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi alilisha. Hakulisha kila siku, na mtu akimwambia papa anaonekana ana njaa, alijibu, "Hata mimi naonekana hivyo, na nimekula sasa hivi."

Na alikuwa akila papa. Wageni wengine hawakuamini. Kila Ijumaa mkewe alipika papa mkavu wa nazi, na Fundi alikaa mkekani kuelekea kioo, akala kwa ugali mpaka akaramba vidole, huku wale wawili wakimtazama. Nilimuuliza haoni haya.

"Huyu nimemlisha," akasema, akionyesha kioo kwa kidevu. Kisha akaonyesha sahani. "Huyu simjui."

Somo lake kubwa lilikuwa maji. Sisi wa Changamwe bahari iko hapa chini, ukishuka kwa miguu umefika, na maji yake hayafai kitu. Yamepitiwa na meli na matangi ya mafuta miaka mingi. Basi Fundi, mtu wa pwani aliyezaliwa na kukulia pwani, alikuwa akivuka feri kwenda ng'ambo ya Likoni na mitungi ishirini mitupu kuchota maji ya chumvi, na kurudi nayo mjini kwetu kama mtu aliyetoka jangwani. Alichota siku za bamvua tu, maji yakijaa sana, kwa sababu ndipo yanapokuwa masafi. Watu wa feri walimjua. Walikuwa wakimuuliza kama huko kwao chumvi imekwisha madukani.

Maji hayo ukishayatia tangini, hutii papa. Hutii chochote. Unatia kamba mmoja aliyekufa, basi, na unakaa siku arobaini. "Mzazi ana arobaini, maiti ana arobaini," alisema, "na tangi lina arobaini yake." Yule kamba anaoza, maji yananuka, yanakuwa na sumu, na polepole vijidudu vyema vinazaliwa kwenye mchanga vinaila ile sumu, ili papa atakapokuja na uchafu wake akute wenye kuufagia. Nimelieleza kwa mkato. Yeye alilieleza kwa saa nzima, na alikuwa akikuuliza maswali mwishoni. Wanafunzi wake karibu wote waliangukia kwenye arobaini. Hakuna mtu aliyetaka kukaa zaidi ya mwezi akiwasha stima kwa ajili ya kamba aliyeoza. Wapo walioweka samaki wiki ya pili wakafa wote, wakarudi kulalamika, naye akawafukuza.

Mimi nilimaliza. Nyumba yangu ni ya urithi, vyumba viwili huko huko Magongo, chini, sakafu ya saruji, kwa hiyo lile swali la kwanza nililivuka. Nilikaa na tangi la maji matupu mpaka dada yangu alipokuja kutoka Rabai akaniuliza kwa upole kama ninalala vizuri. Siku ya arobaini na moja nilimwendea Fundi nikitembea kwa maringo. Akaniambia sasa nitie samaki wawili wadogo wa bei rahisi, nikae nao mwaka.

"Mwaka, Fundi?"

"Kama una haraka, nunua paka."

Nikakaa nao mwaka. Ukawa mwaka na miezi minne, kwa sababu alipata sababu nyingine.

Katika muda ule alinifundisha kitu ambacho hadi leo nakisikia kwa sauti yake. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa joto letu hili. Mtu asiyejua huongeza maji ya bahari, na hapo anaua. "Maji hupaa, chumvi haipai," alisema. "Kilichotoka ni maji matamu, basi rudisha matamu." Kwenye kioo alikuwa amechora mstari kwa rangi ya kucha ya mkewe, na kila asubuhi alijaza mpaka pale. Na matamu yenyewe yawe ya mvua, au ya mfereji yaliyolala siku mbili. Kisima, hapana. Sisi sote twajua visima vyetu vya Changamwe, maji yake yana chumvi. Ukioga maji yake sabuni haitoi povu, na chai yake haihitaji maelezo. Lakini mfereji hutoka mara mbili kwa wiki ukibahatika, na siku nyingine unapanga foleni na mitungi mpaka kiuno kinakataa. Fundi hakujali. Nilimwona akimimina maji ya mfereji tangini halafu akienda kuoga ya kisima.

Mikono pia. Kabla hujagusa maji alikunusa. Ukiwa umepaka mafuta au marashi, huingizi mkono. Mkewe, mwanamke anayependa udi kama roho yake, alikuwa akijifukizia chumbani mlango umefungwa na chini pamezibwa kwa kanga. Na shaba! Hapo alikuwa hasikii la mtu. Aliwahi kumshika mkono mzee mmoja mwenye bangili ya shaba ya kutuliza baridi yabisi, akamvuta mpaka nje ya nyumba, mzee wa watu, kwa sababu tu alinyoosha mkono kuelekea tangini. Nilimwambia hiyo si heshima. Akanijibu shaba ni sumu kwa papa hata ikiwa kidogo mno, na msamaha wa kukosa heshima anaweza kwenda kuuomba kesho. Alikwenda kweli.

Hasira ile niliielewa baadaye, na si yeye aliyeniambia. Mkewe aliniambia tukichambua mchele. Kumbe mwanzoni walikuwa watatu. Februari ya mwaka ule wa kwanza, joto lilipozidi, Fundi alitaka kupooza maji. Naye ni fundi friji, na fundi friji mali yake ni bomba la shaba. Akalikunja bomba la friji kuukuu vizuri kabisa, akalizamisha ndani ya tangi, maji yakapoa kama alivyotaka. Mkewe alisema hajamwona akiifurahia kazi yake namna ile. Siku ya pili papa mkubwa kuliko wote alikuwa amelala chali. Fundi aling'oa bomba, akabadilisha maji yote, akawaokoa wawili. Wachache waliowahi kumwona yule wa tatu akawaambia alikufa kwa joto. Kwa miaka yote alikataza shaba bila kusema ameijuaje.

Nililiweka moyoni. Nakiri sikuliweka kwa huruma. Nililiweka kama mtu anavyoweka kitu kitakachomfaa siku moja.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza Fundi macho, kisha mguu. Karakana ikafungwa, friji zilizobaki zikachukuliwa na wenyewe kwa matusi, na nilipokuwa nikipita pale mlangoni pamefungwa nilikuwa nikihisi upweke ambao sikuutarajia. Nilimkosa hata kwa makelele yake. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Chaani kumjulia hali. Jumapili moja, bila maneno mengi, alimwambia mkewe alete kikombe kikubwa cha plastiki. Ndani ya maji kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, ukubwa wa pochi ndogo ya sarafu, kigumu kidogo kama ngozi: yai la papa. Akawasha tochi ya simu nyuma yake. Ndani nikaona kiumbe kinapiga mkia.

"Ni wako," akasema. "Wewe tu ndiye uliyemaliza."

Nililia mbele za watu. Mkewe alinipa leso.

Alianguliwa baada ya kama miezi miwili, mwembamba kama penseli, mwenye milia myeusi na myeupe iliyokolea. Siku tatu hakula, nami nikawa simpigi mtu simu ila Fundi. Siku ya nne alichukua kipande cha kamba kutoka kwenye koleo, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nyoka. Nilimpiga video asubuhi na jioni. Nilimtumia Fundi, naye kwa kuwa macho yalikuwa hayaoni vizuri, mkewe alimweleza kinachoonekana, kisha yeye akanitumia sauti: "Mashallah. Kata vipande vidogo zaidi. Usimfurahie sana, utamlisha kupita kiasi."

Miezi mitano ile ndiyo miezi niliyokuwa na furaha kuliko yote tangu watoto waondoke. Sioni sababu ya kulificha.

Mwezi wa sita mfereji ulikauka Magongo wiki tatu. Maji ya mkokoteni yalikuwa ya kugombaniwa, dukani kulikuwa na kazi ya fomu za shule, na uwani kwa jirani kuna kisima. Nikajiambia: huyu ni mnyama wa chumvi, chumvi kidogo ya kisima itamfanya nini? Nikajaza mpaka kwenye mstari. Kesho yake nikajaza tena. Kijiti cha kupimia chumvi kilikuwa juu ya kabati na sikukishika, kwa sababu nilijua kitasema nini. Ya tatu, ya nne, mpaka wiki mbili. Papa akaanza kuhema haraka. Akaacha koleo. Alikufa Jumanne, wakati nipo kazini nikimwandikia mtu barua ya kuomba ruhusa. Nilimzika nyuma ya bafu ndani ya boksi la karatasi za fotokopi.

Jioni ile sauti ya Fundi ikaingia kwenye simu: "Mwanangu, papa hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo."

Nilikusudia kumwambia Jumapili. Jumapili ikafika, nikamkuta amevaa bandeji mpya na amechangamka, anamsimulia mgeni habari za papa wa Magongo. Nikanyamaza. Nikajiambia mbona na yeye alificha lake. Mimi nalijua, basi tuko sawa. Na kuanzia hapo, kila wiki chache, nilimtumia video ya zamani. Nilikuwa nazo nyingi. Mkewe alimweleza, naye akanipa mashauri kwa makini yote: huyu mbona hakui, mwongeze ngisi, mtilie vitamini kwenye kamba, pengine tangi lina mwanga mwingi. Nilisikiliza sauti zile jikoni nikiona aibu mpaka masikio yanawaka. Safari moja alisema atakodi tuktuk aje amwone mwenyewe, ashike kioo. Nikamwambia nimefiwa na mjomba, naenda Rabai. Mjomba wangu huyo alikuwa ameshafariki siku nyingi, Mungu amrehemu, na mimi nikamfisha tena.

Mwaka jana Fundi alilazwa. Stima ikapotea Chaani siku mbili mfululizo, betri ya mashine ya tangi ikaisha, mkewe akachota na kumwaga maji kwa kikombe yapate hewa mpaka mikono ikavimba. Dume na jike walikufa siku moja. Nilikwenda kuwapa pole kama unavyokwenda kwenye matanga, na Fundi, kitandani, alinishika mkono akasema, "Alhamdulillahi, wako yupo."

Hapo ningesema. Sikusema.

Mara ya mwisho kumwona ni Jumapili ya majuzi, kabla hawajahamia kwa binti yao Kilifi. Tangi lilikuwa kavu. Mkewe alikuwa ametia ndani yake magunia ya mchele na masufuria ya shughuli. Fundi alikaa kitini, mguu mmoja umekatwa, kofia yake safi, na mbele yake alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kisauni, mtu mpole, na daftari. Alikuwa amemaliza arobaini. Alikuwa ameagiza mayai mawili, yanafika wiki ile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja saa yako. Huyu ndiye n'liyekuwa nikikwambia," akamwambia mwalimu. "Papa wake ana karibu miaka mitatu. Mie sina tena cha kuonyesha, lakini somo langu liko Magongo, lahema."

Mwalimu akanigeukia kwa heshima kubwa. "Mama, nina swali moja tu. Kwetu mfereji ni shida. Lakini tuna kisima, si kikali sana, kina chumvi kidogo tu. Na mnyama mwenyewe ni wa chumvi. Nimeona siku za shida nitamwongezea hayo."

"Muulize huyu," Fundi akasema, amejaa fahari. "Magongo nako hakuna mfereji. Mueleze umefanyaje."

"Ninanunua ya mfereji," nikasema.

"Miaka mitatu, mama? Hata siku moja hukutia ya kisima?"

Alikuwa ameshika kalamu. Nilijua atakachoandika, na nilijua kwamba nikisema hapana hataniamini, kwa sababu na mimi nisingeamini. Siku ya tatu ya foleni atakumbuka kile kisima. Nikamtazama Fundi, ambaye kwa macho yake yasiyoona alikuwa bado akitazama mahali niliposimama nikimwamkia.

"Nilitia," nikasema. "Wiki mbili. Akafa."

Mkewe akaacha anachofanya.

"Papa gani?" Fundi akauliza.

"Wangu, Fundi. Alikufa akiwa na miezi mitano. Zile video ni za zamani. Nisamehe."

Mwalimu alifunga daftari, kisha akalifungua tena, akaandika. Namshukuru kwa hilo. Akaaga kwa sauti ndogo, na mke wa Fundi akamsindikiza nje, akakawia huko makusudi.

Nilingoja makali ya Fundi. Nilikuwa nimeyazoea miaka yote na siku ile niliyataka. Fundi alivua kofia, akaiweka gotini, akaipapasa.

"Alikufa siku gani?"

"Jumanne."

"Ulinambia hajambo."

"Ndiyo, Fundi."

"Ungenambia Jumanne ile, ningekupa mwengine Jumatano." Alisema bila hasira yoyote. "Jike alitaga karibu miaka miwili baada ya hapo. Kila wiki mbili, mawili, mawili. Nikimwambia mke wangu ayatoe mapema, kabla hayajaingia uhai, kwa kuwa sikuwa na wa kumpa. Tangi lako ni la mmoja, nawe nilijua unaye."

Nikasogea karibu na kiti chake.

"Na tangi, ulilivunja?" akauliza.

"La. Lina maji. Mashine inafanya kazi. Sijalizima hata siku moja."

"Chumvi?"

"Iko sawa. Napima kila asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaivaa kofia yake, ikakaa upande. Nikainuka nikamwekea sawa.